Karatasi Niliyoichapisha Mazwi

Nimekaa na aibu hii miaka mingi, na kama si Mungu kunipa umri wa kuizoea ningekwenda nayo kaburini bila kuisema, lakini juzi mjukuu wangu ameniuliza jambo ambalo limeifufua yote, kwa hiyo nawasimulia, na anayetaka kucheka acheke, mimi mwenyewe nimeshacheka mara kadhaa (si siku ile).

Nilikuwa katekista wa kigango chetu, juu huku uwandani, mwendo wa saa moja na nusu kwa lori kutoka Sumbawanga mjini. Kwetu katekista huitwa mwalimu, na mwalimu akisema jambo watu hulichukua kama lilivyo. Ilikuwa ile miaka baada ya ruksa ya biashara, maduka ya watu binafsi yamejaa mjini, mitumba kila kona, na simu za mkononi bado ni za watu wachache ambao wakipigiwa hutoka nje ili wote tuwaone.

Kwaresima ya mwaka huo nilikuwa na wakatekumeni sita, watu wazima, wanaojiandaa kubatizwa Pasaka. Watano walikuwa Wafipa wenzangu. Wa sita alikuwa Bibi Minza, mama wa Kisukuma aliyekuja na mwanawe Masanja na ng'ombe wao miaka michache nyuma, wakapewa eneo ng'ambo ya mto. Alikuwa mzee kunishinda, macho yake mekundu kwa moshi wa miaka yote, na Kiswahili chake kizito, lakini sala alizishika kuliko wote. Miaka miwili alivuka mto kila Jumatano. Watu wetu walichelewa kumzoea, maana mgeni mwenye ng'ombe wengi na mkulima mwenye matuta ya maharage hawapatani upesi, lakini mwaka ule walikuwa wameanza kumwachia nafasi kwenye benchi.

Wiki ya tatu ya Kwaresima nilikwenda parokiani mjini kuchukua orodha ya waliokubaliwa. Padre alinipa bahasha ya kaki, ndani karatasi moja iliyochapwa kwa mashine, majina sita, la Minza la mwisho. Nikamshukuru Mungu palepale barabarani. Lori la kurudi lilikuwa linasubiri mzigo wa chumvi, nami nikaenda kutembea mtaa wa Mazwi, na hapo ndipo nilipoona kibao: INTANETI. Kijana mmoja wa kwaya alikuwa amenisimulia habari za duka hilo, nami nilikuwa nimelihubiri vibaya Jumapili mbili mfululizo bila kulijua. Nikajiambia, mwalimu, ingia ulione, usihubiri usichokijua. (Uongo. Nilitaka tu kuona.)

Mwenye duka alikuwa Ambakisye, mfanyabiashara wa kutoka Mbeya, mlokole, mpole.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hapa watu wanasoma nini?"

Akacheka. "Mzee, nikwambie ukweli? Wanakuja kwa mambo yao, huyu barua ya kazi, huyu matokeo ya mtihani. Wakimaliza, zikibaki dakika, wote wanataka kitu kimoja. Radi za Sumbawanga. Wenyeji, wageni, wafanyakazi wa serikali, wote. Hata mchungaji wangu."

"Haiwezekani," nikasema. "Hebu nione."

Akanionyesha. Kulikuwa na ukurasa mrefu ulioandikwa na mtu asiyetaja jina, kichwa chake: Siri za Radi za Sumbawanga na Jinsi ya Kumtambua Anayezituma. Mimi nimezaliwa hapa, na maisha yangu yote nimeona wageni wakituogopa kwa habari hizo za radi za kutumwa na wachawi, na nimefundisha watoto kwamba radi ni radi. Lakini miwani yangu nilikuwa nimeiacha nyumbani, maandishi ya kwenye kioo yananicheza, na mzigo wa chumvi ulikuwa umeshapakiwa, dereva anapiga honi. Ningeweza kuondoka. Nikasema, "Nichapishie, nitaisoma nyumbani, nipate la kuhubiri." Ambakisye akaiwasha mashine yake ya kuchapa, karatasi ikatoka ya moto, nikaikunja mara mbili na, kwa kuwa sikuwa na mfuko mwingine mkavu, nikaiingiza kwenye bahasha ya padre.

Nyumbani sikuisoma. Si kwamba nilishinda kishawishi, ila mke wangu Skolastika alikuwepo muda wote.

Sasa lazima niwaeleze desturi yetu. Mwalimu hasomi majina ya watu aliowafundisha mwenyewe, isije ikaonekana anapendelea. Humpa karatasi katibu wa kigango, naye husoma mwisho wa ibada, na kila anayetajwa husimama. Desturi ya pili haikuandikwa popote: karatasi ya mkono ni ya kwetu, karatasi ya mashine ni ya padre au ya askofu. Hatukuwa na mashine kijiji kizima. Kilichochapwa kilitoka juu, basi.

Jumapili ile hatukuwa na padre, nikaongoza ibada mimi. Wakatekumeni sita walikaa benchi la mbele. Bibi Minza alikuwa amevaa kitenge kipya, bado kina mikunjo ya dukani, na Masanja, ambaye hakuwa mtu wa kanisa, alikuja akasimama mlangoni kusikia jina la mama yake. Nikaingiza mkono kwenye bahasha, nikatoa karatasi ya mashine iliyokunjwa, nikampa katibu Ozwald bila kuitazama.

Ozwald ana sauti kubwa na akishaanza kusoma hasimami, hata ungempa karatasi ya bei za mbolea angeisoma kama Injili. Akakohoa, akasoma: "Siri za Radi za Sumbawanga na Jinsi ya Kumtambua Anayezituma."

Nilijua papo hapo. Hilo ndilo ninalotaka mlishike, kwamba nilijua tangu neno la kwanza. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Ningenyoosha mkono tu. Lakini kuinyang'anya ilikuwa ni kusema ni yangu, mimi mwalimu, niliyehubiri Jumapili mbili dhidi ya duka lile, na miguu ikakataa, nikawa naomba moyoni (Mungu anisamehe kwa sala ya namna hiyo) kwamba iwe fupi.

Haikuwa fupi. Ozwald akaendelea, na waumini wakainuka mmoja mmoja, maana waraka wa askofu husikilizwa wima. Anayetuma radi, ikasema karatasi, mara nyingi ni mzee aliyetoka mbali. Macho yake ni mekundu. Hukaa ng'ambo ya maji. Radi hupiga kwa majirani na kwake haigusi. Na mwezi uliotangulia radi ilikuwa imeua fahali wawili wa jirani upande wetu wa mto, na ng'ombe wa Masanja hakuguswa hata mmoja. Kila Ozwald alipotaja alama, vichwa viligeuka, mwisho vikawa havihitaji kugeuka, vimebaki palepale kwenye kile kitenge kipya.

Bibi Minza alikuwa bado anasubiri jina lake. Kiswahili cha haraka kilimpita. Alipoona watu wote wamesimama na wanamtazama, akadhani ametajwa, akasimama, akatabasamu.

Ndipo nikapata sauti. Nikasema, "Hiyo imekuja kwa makosa." Nikaichukua. Lakini sikusema makosa ya nani, wala imetoka wapi, nikafunga ibada upesi kama mtu anayefukuzwa na mvua, na nje nikawasikia, "Padre katuma kwa makosa, ilikuwa ya siri ya mapadre," na mwingine, "Basi wao wanajua." Nusu ya ukweli wangu ilikuwa imefanya kazi mbaya kuliko karatasi yenyewe.

Masanja alimshika mama yake mkono, wakavuka mto.

Jumatano hakuja kwenye mafundisho. Alhamisi Skolastika alirudi kutoka mtoni na ndoo yake, akaiweka chini.

"Wamemkatalia yule mama kuchota. Wamemwambia asubiri mpaka wote wamalize. Na Masanja anaswaga ng'ombe, wanasema anahamia bondeni Rukwa kabla watu hawajamfanyia mama yake kitu." Akanitazama. "Mume wangu, ile karatasi ilitoka wapi?"

Nikamwambia. Yeye ndiye mtu wa kwanza. Hakupiga kelele. Alisema, "Na ulikuwa unataka kuisoma peke yako," akaenda kuwasha moto.

Ijumaa nilivuka mto. Nilimkuta Bibi Minza amekaa kwenye kigoda, vyungu vimeshafungwa kwa kamba. Alinikaribisha vizuri, na hilo liliniuma kuliko angenifukuza. Masanja alisimama nyuma yake na fimbo ya kuchungia, hakunisalimu. Nikapiga magoti, umri wangu ule, nikawaeleza duka, mashine, bahasha, miguu iliyokataa.

Bibi Minza akasema, "Mwalimu, wewe umekaa na macho haya miaka miwili. Wayaona kila Jumatano. Ukaenda mjini kuuliza mashine?"

Nikainama, nikatazama vile vyungu.

"Jina langu lilikuwepo?" akauliza.

"Lilikuwepo. La sita. Lilikuwa ndani ya bahasha ileile."

"Basi kalisome," akasema. "Halafu mimi nitaona kama nafungua vyungu."

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele kabla ya wimbo wa kwanza, maana nilijua nikingoja mwisho wa ibada miguu itakataa tena. Nikasema karatasi ile si ya padre wala ya askofu. Niliichapisha mimi, kwenye duka nililowakataza, kwa pesa yangu, kwa udadisi wangu, imeandikwa na mtu asiyetujua, na nilipoisikia ikisomwa nilinyamaza ili nisiaibike, nikamwacha mama wa watu aaibike badala yangu. Mzee mmoja wa nyuma, mwenye fahali waliouawa, akasema kwa sauti, "Kumbe hata wewe mwalimu!" Wakacheka, kicheko kirefu, kile cha watu walioshika heshima yako mikononi na sasa wanaiacha ianguke. Niliona bora wacheke. Nikasema, "Hata mimi." Kisha nikavunja desturi, nikavaa miwani, nikasoma majina sita mimi mwenyewe, na la sita nikalisoma mara mbili. Alikuwa amekaa karibu na mlango, na kitenge kilekile. Alisimama polepole. Skolastika akaondoka upande wa akina mama, akaenda akasimama naye.

Sitawadanganya kwamba yote yalipona. Masanja alihamia bondeni na nusu ya ng'ombe, na sidhani kama amewahi kunisamehe. Wako akina mama walioendelea kuchota maji mbali naye mpaka masika yakaisha. Lakini vyungu vilifunguliwa. Pasaka padre alimmiminia maji, mke wangu akiwa msimamizi wake, mimi nimeshika beseni, na aliyafumbua macho yale karibu sana na uso wangu, nikayatazama mpaka nilipolazimika kuinamisha yangu.

Na mjue watu tulivyo: jioni ya ile Jumapili ya maungamo yangu walinijia wanne, kila mtu kwa wakati wake, wakiuliza kwa sauti ya chini kama ile karatasi bado ninayo. Hata padre, nilipokwenda kumweleza, alinikemea kwa haki, akanipa kitubio, halafu nilipofika mlangoni akaniuliza, "Lakini ilisema nini hasa?" Nikamwambia nimeichoma. Ni kweli niliichoma, na sikuwahi kuisoma mwenyewe mpaka leo.

Juzi mjukuu wangu Sabina alikaa karibu nami na simu yake. "Babu, humu mna kila kitu. Nikutafutie nini?" Mdomo ukafunguka, na nikausikia, wallahi naona haya kuandika, nikausikia unajiandaa kusema maneno yaleyale ya Ambakisye, Radi za Sumbawanga. Nikaufunga. Bibi Minza alishatangulia, Mungu ampumzishe, na kaburi lake liko upande wetu wa mto. Niliahidi siku ile nimepiga magoti kwamba habari ya binadamu niliye naye jirani sitaiuliza tena kwa asiyemjua, nitavuka mto nimuulize mwenyewe.

"Funga hiyo," nikamwambia Sabina. "Nisaidie nisimame, twende tukapalilie kaburi la Bibi."