Ukelele wa Siku ya Tatu

Jina la Shwari alipewa na wageni, likamganda. Alikuwa mwongozaji wa kayaki, vile vitumbwi vyembamba vya mtu mmoja, katika kambi iliyojificha msituni, mahali mto unapojikunja mara saba kabla ya kuiona nyumba ya kwanza. Wageni walikuja wanane wanane, watu wa ofisini waliochoshwa na mji. Siku nne hawasemi na mtu. Simu zinafungiwa kwenye sanduku la bati, asubuhi wanapiga makafi, mchana wanakaa juu ya mawe wamefumba macho, na Shwari anawaambia kwa sauti ya chini waifuate pumzi inavyoingia na inavyotoka. Maneno hayo aliyakariri kwa Madamu, mwenye kambi. Baada ya miaka tisa aliweza kuyasema huku akiwaza msumari uliochomoza gatini.

Tabu ni kwamba utulivu ule ulimfuata hadi nyumbani. Wapangaji wakigombania kamba ya kuanikia nguo, anaitwa Shwari. Shemeji akinuniana na mumewe, anaitwa Shwari. Akikunja uso kidogo tu, mkewe anacheka na kumwambia hasira haimpendezi. Hata fundi aliyeacha paa lake wazi wiki tatu alimweleza kwa roho safi kabisa kwamba ameanza na wateja wengine kwa kuwa wao ni wakali.

Alikuwa na jambo moja alilolitaka kwa ajili yake mwenyewe: kuunda kayaki badala ya kuziendesha. Bega lake la kulia lilikuwa limeanza kumgomea. Mzee mmoja mwenye karakana ya vyombo vya majini, mwendo wa siku mbili kutoka pale, aliviona viraka alivyotia Shwari kwenye kayaki za kambi, akamwambia aje, atampa meza ya kazi na chumba cha kuishi. Mkewe alikubali. Walikuwa wamekwisha kuanza kufunga sahani kwenye magazeti.

Asubuhi ya safari aliyodhani ni ya mwisho, kabla hajaitoa simu yake, ukaingia ujumbe wa sauti wa kaka yake mkubwa. Ndugu walikuwa wamekaa kikao. Mama asingeweza tena kuishi peke yake, goti limekataa ngazi. Wameamua aende kwa Shwari, maana mama ana maneno makali na wengine wangegombana naye.

"Wewe ndiye unayemweza, mdogo wangu. Mambo ya karakana yatasubiri. Tumeshamleta, yuko hapa kwako anakunywa chai."

Madamu alikuwa amenyoosha mkono akiidai simu. Akampa. Sanduku likafungwa.

Siku mbili aliongoza kama kawaida, pumzi iingie, pumzi itoke, lakini ndani alikuwa akilitafuna neno moja: wamekaa. Wamekaa bila yeye. Siku ya tatu wakaingia kwenye korongo, kuta za mawe kushoto na kulia, mto umebanwa ukawa na upana wa chumba. Shwari alitangulia. Alidhani wageni bado wako nyuma ya kona. Akalaza kafi mapajani, akapiga ukelele. Haukuwa na maneno. Ulimtoka tumboni, ukagonga mawe, ukamrudia usoni, naye akapiga tena na tena mpaka sauti ikakauka.

Alipogeuka, kayaki nane zilikuwa zimesimama nyuma yake. Mwanamke mmoja, daktari wa meno, aliyekuwa hajafanya lolote siku zote tatu ila kung'ata kucha, alifumba macho akapiga wa kwake. Akafuata mwingine. Korongo zima likalia.

Walipofunguliwa midomo siku ya nne, hawakuwa na habari nyingine. Madamu akamwita Shwari ofisini akiwa amechangamka. Ukelele uingie kwenye ratiba: siku ya tatu, saa nne asubuhi, korongoni. Shwari akamwambia ukweli, kwamba hakuwa akimfundisha mtu kitu, alikuwa na hasira na ndugu zake.

"Hilo wageni usiwaambie," Madamu alisema, tayari anaandika.

Jumapili alikwenda kwa kaka yake. Njia nzima aliyapanga maneno. Kaka alimvutia kiti kizuri na kumshukuru hata kabla hajaketi. Alijua, alisema, kwamba hatakasirika. Shwari akabaki wima. Akasema hakuulizwa. Akasema naye ana maisha yake, na sauti ikapanda yenyewe mpaka glasi zikalia kabatini. Kaka alimtazama kwa mshangao, kisha uso ukamkunjuka.

"Ndiyo ile ya kazini? Mkeo alitusimulia." Akaita ndani: "Watoto, njooni mumsikie baba mdogo."

Wakaja wanne, wakajipanga ukutani. Mdogo wao aliziba masikio mapema, akingoja. Shwari akaketi. Akainywa soda aliyowekewa.

Karakana hakwenda. Mzee alimsubiri miezi miwili, kisha akachukua mtu mwingine. Kambini ule ukelele ndio unaowavuta wageni siku hizi, na kuna asubuhi Shwari anaachama mdomo tu, hakitoki kitu, wageni wanamalizia.

Mama alipewa chumba cha watoto, watoto wakahamia sebuleni. Maneno yake ni makali kweli, hawakumsingizia. Jioni moja Shwari alipokuwa akimkanda goti, mama alimuuliza kule mtoni huwa anamlilia nani.

"Ni kazi tu, mama."

"Nimezaa watano. Kelele ya kazi naijua." Akavuta kanga goti libaki wazi. "Mimi nilitaka kwenda kwa dada yako. Na mimi hawakuniuliza."

Mikono ya Shwari ikasimama.

"Endelea," mama alisema. "Huku chini hujafika."