Pikipiki Iliyolala Pakavu

Nyasi za paa zikilowa mpaka zikaanza kuoza hutoa harufu ya uyoga na moshi wa zamani, na mimi nikiinusa popote pale hasira hunipanda hadi kooni. Ndiyo harufu ya masika ya mwaka nilipokuwa darasa la tano, katikati ya miaka ya tisini, kwetu karibu na Sindo, kando ya ziwa. Juu yake iweke harufu nyingine, ya petroli na oili iliyoungua, kwa sababu katika kona pekee ya nyumba yetu isiyovuja hapakuwa na kitanda. Palikuwa na pikipiki. Mimi na mama tulihamahama na mkeka wetu tukitafuta mahali pakavu, mabeseni yakilia ndo, ndo, ndo, na hilo dude limetulia konani limefunikwa blanketi. Blanketi lenyewe lilikuwa langu.

Baba alikuwa ameachishwa kazi katika kiwanda kimoja cha pamba Homa Bay, akalipwa kiinua mgongo chake, akamwapia mama kwamba safari hii paa litaezekwa mabati. Mama ni Mkuria wa Kegonga na baba ni Mjaluo, ndiyo maana nyumbani tulizungumza Kiswahili, na ndiyo maana wanawake wa boma walimkodolea macho mama waone huyu mgeni atavumilia mpaka lini. Walimcheka waziwazi kisimani kwamba aliolewa mbali kote huko kuja kunyeshewa. Mama alijitwika mtungi wake akaondoka. Hakutaka kitu kingine duniani ila mabati. Basi baba akaenda Migori kuyanunua, na sisi tukasimama barabarani kulisubiri gari la mizigo. Akatokea juu ya pikipiki, amevaa miwani ya fundi wa kuchomelea vyuma, anacheka peke yake.

"Baba Akoth, mabati yako wapi?" mama akauliza.

"Nimeleta kitu ya kuleta mabati," baba akasema, akaipigapiga tangi kama anayempongeza ng'ombe.

Ilikuwa pikipiki kubwa ya Kijapani, kuukuu, aliyouziwa na Mzungu mmoja aliyekuja kutafuta dhahabu upande wa Macalder akaambulia vumbi. Sifa yake kuu ilikuwa tabo, yaani kile kichuma cha mviringo kinachosukuma hewa kwa nguvu ndani ya injini ili chombo kiende kasi kuliko akili ya anayekiendesha. Kasi ya kwenda wapi, jamani? Barabara yetu ilikuwa mashimo na matope, hata baiskeli tuliibeba begani. Lakini wanaume wazima waliacha majembe wakaja kuchutama mbele ya kichuma hicho, wakiguna kwa heshima ambayo sijawahi kuwaona wakimpa mwanamke yeyote. Wakambandika baba jina la Jatabo, mtu wa tabo. Kichwa kikamvimba, na habari za mabati zikaishia hapo.

Kisha akaanza kuiboresha. Lo! Akaifungia honi ya lori. Akaongeza vioo vya pembeni vikawa vinne, ingawa nyuma yake hakuna aliyemfuata ila mbwa. Akang'oa kichujio cha hewa akisema tabo inataka hewa mingi. Kwetu mzee akifa, wanaume hukimbiza ng'ombe na kupiga kelele kukifukuza kifo, na baba akaona hiyo ndiyo kazi aliyozaliwa kuifanya. Kila penye msiba alitangulia mbele akinguruma, ng'ombe wakatawanyika kwenye mihogo ya watu, naye akarudi nyumbani na nyama kidogo na sifa nyingi. Mama akamuuliza, "Unaboresha nini, na sisi tunanyeshewa?" Akajibu kwamba wanawake hawaelewi mitambo.

Yeye aliielewa hivi. Petroli aliinunua ufuoni kwa wavuvi, na petroli ya injini za boti huwa imeshachanganywa na oili. Fundi wa Migori alikuwa amemwonya kwamba pikipiki hii ina mahali pake pa oili, na tabo isipopata oili safi inakufa. Baba akamdharau. "Oili iko tayari ndani ya petroli," akatuambia, amejaa hekima, "sasa inywe mara mbili kwani ni mlevi?" Basi akaendesha pasipo kuongeza hata tone. Ikaanza kutoa moshi mweupe uliofunika boma zima, na yeye akatangaza kuwa tabo inapumua. Jumapili moja akaenda Mbita kuringa mbele ya watu wanaosubiri feri. Tabo ikapiga mluzi, ikasaga meno, na injini ikakwama kabisa mbele ya hadhira yote aliyoitaka. Ilirudi nyumbani kwa boti, imelazwa juu ya nyavu, inanuka omena, vile vidagaa vya ziwani.

Na bado aliirudisha konani! Mzoga ule, akaufunika blanketi langu, huku mvua ikimwagika na upande mmoja wa paa ukibonyea. Mama alitazama, akaweka chini beseni alilolishika. "Akoth, shika huko nyuma," akaniambia. Tukaisukuma mpaka nje, matairi yakizama kwenye matope. Baba akasimama mlangoni akilia, "Italowa!" Mama akasema, "Ilowe," akaingia, akatandika mkeka pale konani. Nililala usingizi wa pono.

Mabati aliyanunua mama mwenyewe, kwa omena aliyoipeleka sokoni Migori misimu mingi. Siku hizi pikipiki zimejaa Sindo, zinabeba wagonjwa, unga na watoto wa shule, na hakuna anayezivalia miwani ya kuchomelea. Nikizitazama namdharau Jatabo upya, na sioni haya kusema hivyo, maana yupo, mzee mzima, anakunywa uji chini ya mabati ya mkewe.

Mwaka jana alikuja kijana kutoka Nairobi anayekusanya pikipiki za zamani. Alipoiona ile yetu nyuma ya jiko, kuku akitaga kwenye kiti chake, alikaribia kupiga magoti. Baba akachangamka, akaanza kumsimulia habari za hewa mingi. Kijana akamgeukia mama aliyesimama kando, akamsihi amuuzie kwa bei yoyote aitakayo. Manyunyu yakaanza. Baba akakimbilia ndani. Kijana, kwa huruma, akavua koti lake akaifunika ile tabo.

"Mwanangu, toa koti lako," mama akamwambia taratibu, naye amesimama papo hapo mvuani. "Siiuzi. Hiyo bado haijanyeshewa kama tulivyonyeshewa sisi."