Benki Niliyomchagulia Mama

Benki ile nilimchagulia mama mimi mwenyewe, na mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka.

Mashamba ya ngano ya serikali yalikuwa bado yanalimwa, ingawa kila mwaka matrekta mabovu yaliongezeka uani na vibarua walioitwa wakati wa mavuno walipungua. Mama alikuwa mjane, na kazi yake ilikuwa kuwapikia madereva wa mashine za kuvunia. Kuanzia mwezi wa saba mpaka ngano iishe alilala kambini, akaamka kabla ya jua kuwasha moto chini ya sufuria mbili kubwa. Miaka yote alilipwa kwa bahasha. Kisha uongozi wa shamba ukatangaza kwamba hautasafirisha tena fedha taslimu porini. Kila kibarua afungue akaunti na kuleta namba.

Akaja shuleni Mogitu, nilikokuwa nafundisha darasa la tatu.

"Mwalimu," alisema. Aliniita mwalimu alipotaka jambo; siku nyingine nilikuwa mwanawe tu. "Wewe umesoma. Nitafutie mahali pazuri pa kuweka fedha."

Mahali pazuri! Nikampeleka mjini Katesh, kwenye benki yenye milango ya vioo na viti vya sponji. Karani alitabasamu, akatupa na kalenda. Niliuliza swali moja tu: "Picha ngapi za pasipoti?" Mimi, niliyekuwa nikiwafokea watoto wa watu kwa kujibu hesabu bila kusoma swali mpaka mwisho, nilimfungulia mama yangu akaunti kwa sababu ya viti.

Fedha ile ilikuwa na kazi yake. Mzee mmoja fundi cherehani pale Katesh, mfanyabiashara wa siku nyingi, macho yalikuwa yanamchosha na alitaka kuuza cherehani lake la miguu. Mama alijua kushona tangu alipofundishwa na masista akiwa msichana. Aliona mbele kuliko wengi wetu: mavuno ya shamba yatakwisha siku moja, lakini watoto wa shule hawataacha kuchana kaptula. Bei ilikuwa elfu sabini. Misimu miwili ya kupika ingetosha. Mzee akakubali kumwekea.

Sasa nieleze jambo ambalo msomaji wa mjini huenda halijui, maana bila hilo utamwona mama yangu mjinga, naye hakuwa mjinga. Kwetu, mtu mwenye ng'ombe hawafugi wote nyumbani kwake. Mmoja anamwekesha kwa rafiki yake Dongobesh, mwingine kwa shemeji yake Masakta, ili ugonjwa au ukame ukipiga upande mmoja usimmalize. Anayetunza anakunywa maziwa na kutumia samadi. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Na wewe mwenye ng'ombe huendi kule kila mwezi kuchungulia zizi. Ukienda mara kwa mara umemwambia mwenzako kwamba ni mwizi. Unakaa kimya mwaka, miwili, ukipata shida ndipo unakwenda. Na kama ng'ombe amekufa, mtunzaji hasubiri uulize. Anakuletea ngozi yake, uione kwa macho yako.

Mama aliiwekesha benki fedha yake kwa utaratibu huohuo. Shamba lilipeleka mshahara wa msimu wa kwanza, elfu thelathini na nne. Hakwenda. Likapeleka wa msimu wa pili, elfu thelathini na nane. Hakwenda. Nilimwuliza kama hataki kwenda kuangalia, akanishangaa.

"Nikawasumbue? Wanatunza vizuri. Wangekuwa na tatizo wangetuma mtu."

Nami nikarudi kwenye madaftari ya darasa langu.

Mwezi wa saba uliofuata, siku ya mnada, kabla hajaitwa kambini, tulishuka Katesh pamoja. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Kwenye begi alibeba kitambaa cha kulifunikia cherehani lisipate vumbi njiani. Mzee alikuwa ametuma salamu kwamba hawezi kusubiri zaidi ya mnada ule.

Kijana wa dirishani hakutoa shikamoo. Mama alisimama akaisubiri. Kijana akaangalia karatasi zake, akaangalia tena, mwisho akasema, "Tukusaidie nini?"

"Marahaba," mama akamjibu.

Nyuma yetu watu wakacheka. Kijana akaona haya, akaamkia. Tukampa kitabu cha benki, akaingia ndani, akarudi.

"Mama, salio lako ni elfu arobaini na nne na mia mbili."

"Hiyo ni faida," mama alisema. "Sasa niambie na fedha yenyewe."

"Ndiyo yote hiyo, mama."

"Mwanangu, hesabu tena. Zilikuwa elfu sabini na mbili. Ukiniambia hazikuzaa nitaelewa. Ng'ombe wengine ni wagumba."

Kicheko tena. Kijana naye alicheka kidogo, kisha akaanza kueleza kwa haraka, kama anayesoma: ada ya huduma shilingi mia tisa kila mwezi, miezi ishirini na miwili. Halafu akaunti ililala. Mwenyewe asipofika miezi sita akaunti huhesabiwa imelala, na kuiamsha ni elfu nne. Imelala mara mbili: ikaamshwa mshahara wa pili ulipoingia, ikalala tena.

"Imelala," mama alirudia. "Ilipolala ilikula nini?"

"Ndiyo utaratibu, mama."

"Mimi sikuja kwa sababu niliwaheshimu. Sasa unaniambia mmenitoza heshima yangu?" Sauti yake haikupanda, ila ilikuwa imekauka. "Kama wamekufa wa elfu ishirini na saba na mia nane, haya, kufa kupo. Nionyeshe ngozi."

Hapo hakuna aliyecheka. Wengi kwenye foleni walikuwa watu wa Balangdalalu na Mogitu, wafugaji na wake za wafugaji, na kila mmoja alijua alichokuwa anaomba. Mzee mmoja aliyekuwa mbele ya dirisha la pili alichukua kitabu chake cha benki, akakifungua, akakitazama kana kwamba anakiona mara ya kwanza.

Nikaomba kumwona meneja. Alitupokea kwa adabu, akatukalisha, akasema ada zote zimetangazwa ukutani. Nikamwuliza ukuta upi. Akatupeleka mwenyewe. Karatasi ilikuwa imebandikwa nyuma ya mlango wa kuingilia, na mlango huo ulikuwa unaachwa wazi kuanzia asubuhi mpaka jioni, umeegeshwa ukutani kwa jiwe. Alilisukuma jiwe kwa kiatu, akauvuta mlango. Ilikuwa karatasi safi kabisa, haijaguswa na vumbi, na ilikuwa imeandikwa kwa Kiingereza.

"Mwalimu, wewe si unakisoma?" aliniambia.

Nilikisoma. Nilisoma kila mstari kwa sauti, nikautafsiri kwa Kiswahili, na mama alipokunja uso nikautafsiri tena kwa Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, pale mlangoni, watu wakiwa wametuzunguka. Salio lisilopaswa kuguswa, elfu kumi. Kupoteza kitabu, elfu mbili. Na mstari wa mwisho: kufunga akaunti, elfu tatu. Yaani hata kutoka ni kwa tiketi.

Meneja hakuwa mtu mbaya, na labda hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angekuwa mwizi ningempeleka polisi. Alikuwa anafuata karatasi. Karatasi ile iliandikwa na watu ambao hawakuwahi kujiuliza mpishi wa vibarua anapata mshahara mara ngapi kwa mwaka. Mia tisa kwa mwezi ni kitu kidogo kwa mtu anayelipwa kila mwezi. Kwa mtu anayelipwa mara moja tu, mwezi wa tisa, zile mia tisa za miezi mingine yote zinakatwa kwenye kitu kilekile kimoja, wala hakuna kinachoingia.

"Funga," mama alisema.

Tukatoka na elfu arobaini na moja na mia mbili. Nilikuwa na elfu kumi yangu ya mwezi mzima, nikaiongeza mkononi mwake. Alitaka kuikataa, nikamfunga vidole.

Kwa fundi tulikuta cherehani tayari liko barazani. Mama mmoja wa Masakta alikuwa amesimama karibu nalo na mwanamume mwenye mkokoteni.

"Shikamoo mzee," nilisema.

"Marahaba, mwalimu. Mama, nilikungoja mpaka adhuhuri." Mzee aliiangalia fedha mkononi mwa mama, na alijua kabla hajaambiwa. "Zimefika ngapi?"

"Hamsini na moja."

"Huyu ana sabini taslimu." Alikuna kidevu. "Ningekuwa na macho ningekungoja mwaka mwingine. Nataka kwenda hospitali, mama."

"Usinieleze, mzee. Ulinitunzia vizuri," mama alisema. "Hukunikata hata senti kwa kulitunza."

Kisha akatoa kile kitambaa kwenye begi, akampa yule mama wa Masakta. "Vumbi la barabara yenu nalijua," alimwambia. Wakalifunika pamoja, likapelekwa.

Njiani mama alisema fedha iliyobaki ataitia kwenye debe la mahindi chumbani, basi. Nikamwomba wiki moja. Nilimwambia, "Mama, debe nalo lina ada. Panya, moto, na kaka zako wakija kukopa." Hapo alicheka kidogo.

Wiki ile nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo. Nilichukua daftari la darasa la tatu, nikaandika maswali. Kufungua ni shilingi ngapi? Ngapi lazima ibaki? Mnakata nini kila mwezi, hata kama sijaigusa? Nikitoa, mnakata? Nikikaa mwaka sijaja, itakuwaje? Nikitaka kuondoka, mtanidai? Na swali ambalo hakuna karani anayeweza kukujibu: nauli ya kufika hapa ni kiasi gani? Nauli ni ada pia, ila analipwa mwenye basi.

Kulikuwa na benki Mbulu mjini iliyosifiwa sana. Makato yake yalikuwa madogo, lakini nilipojumlisha kwenda na kurudi kutoka Mogitu mara tatu kwa mwaka, mama angekuwa amelipa karibu sawa na ile ya vioo. Niliifuta. Nyingine ilikuwa palepale Katesh, benki ndogo ya akiba, chumba kimoja nyuma ya maduka ya nafaka. Nilikuwa nimeipita kila mnada kwa miaka nikidhani ni stoo. Ilifunguliwa siku tatu kwa wiki. Kiti kilikuwa benchi la mbao lenye msumari. Dada wa dirishani alijibu maswali yangu yote bila kuangalia karatasi: kufungua elfu moja, elfu mbili ibaki, hakuna makato ya mwezi, kutoa bure, kufunga bure.

"Na nikikaa mwaka sijaja?"

"Itakukuta hivyohivyo. Ila usikae mwaka, mwalimu. Njoo. Sisi hatukasiriki."

Maneno hayo mawili ya mwisho nilimpelekea mama kama yalivyo. Ndiyo yaliyompeleka kule, si hesabu zangu. Akaenda mwenyewe kukagua, akapewa shikamoo yake kabla hajakaa, na akauliza kwa sauti kila swali la daftari langu, pamoja na ya kwake ambayo sikuyaandika.

Ukiwa nawe unachagua benki ya fedha yako ya kila siku, usione aibu. Uliza yote sita, kwa lugha unayoota nayo. Karani akikunja uso, hilo nalo ni jibu.

Msimu ule shamba liliita nusu ya wapishi, mama akiwa mmoja wao, na mshahara ulishuka. Bei za cherehani zilipanda. Mwaka uliofuata alipata cherehani, lakini la kuzungusha kwa mkono. La miguu halikufikiwa tena. Sare za shule yetu, ambazo mwalimu mkuu alikuwa amemwahidi mama azishone, zilishonwa mwaka mzima na mama wa Masakta, na kwa haki kabisa. Hata mama alipoanza kushona, wateja wengi walibaki kwa yule wa Masakta.

Mama alishona. Alisomesha wadogo zangu wawili kwa lile cherehani, na mashamba yalipofungwa, majirani zake wakirudi nyumbani na bahasha za kuagwa, yeye alikuwa na kazi. Watu huniambia nishukuru, yaliisha vizuri. Nashukuru. Lakini nimekaa naye mlangoni jioni nyingi. Mkono wa kulia unazungusha gurudumu, wa kushoto peke yake unahangaika kuongoza kitambaa, na mshono ukienda upande anasimama, anafumua, anaanza upya. Kwa cherehani la miguu angekuwa na mikono yote miwili. Mmoja ulichukuliwa, mia tisa kwa mia tisa, na hakuna mtu hata mmoja aliyevunja sheria.