Mpingo wa Mzee Nikodemu

Mara ya mwisho ulipanda lini kitu unachojua kabisa kwamba hutakiona kikikomaa? Usinitajie mwembe. Mwembe unaupanda, na Mungu akikujalia uhai unakula embe zake. Nauliza kuhusu mti ambao wewe, mwanao, na pengine hata mjukuu wako, mtaondoka duniani kabla haujafaa kwa kazi yake. Mimi sijawahi kuupanda. Mzee Nikodemu, jirani yangu wa Boko, aliupanda, tena ndani ya ndoo ya rangi, kwenye uwanja wa nyumba ya kupanga.

Mzee Nikodemu ni Mmakonde wa Newala. Alikuja Dar angali kijana, na karibu maisha yake yote amechonga mpingo: watu waliopandiana mabegani, na mashetani wenye mdomo kisogoni. Mikono ilipoanza kutetemeka aliziweka patasi zake chini, akaanza kuotesha miche. Mbegu aliletewa na shemeji yake kutoka kijijini, zikiwa bado ndani ya maganda yake membamba.

"Nimekata mingi mno," aliniambia. "Kupanda, sikuwahi kupanda hata mmoja."

Miche mingine ililiwa na mbuzi wa majirani. Ukabaki mmoja, wenye miiba, uliokua kwa uvivu hadi ukamfika kiunoni. Huo ndio aliousalimia kila asubuhi kabla ya kunywa chai. Mkewe, Mama Adelina, alikuwa akisema, "Mie naamshwa kwa kikohozi, mti unaamshwa kwa shikamoo."

Mwaka huu mwenye nyumba akaiuza. Mnunuzi anataka fremu za maduka, na uwanja mzima utamwagiwa zege. Hivi ndivyo tunavyoujenga mji wetu: palipo na udongo tunaona hasara. Wazee wale wakaamua kuhamia kwa binti yao Temeke, chumba cha ghorofani. Hakuna hata mahali pa kuweka ndoo. Mti ulihitaji kupata kwao kabla ya wao kuondoka, na kwao kwenyewe pawe mahali ambapo hautakatwa.

Sisi tunaopenda bustani za nyumbani huwa tunakutana Jumamosi kwa Mwalimu Vaileth, kule Kibamba. Anatandika mkeka chini ya paa la jiko lake, na kila mtu anaweka alichonacho: vipando vya mchaichai, mbegu za mlenda ndani ya kizibo cha soda, matawi ya waridi yaliyofungwa gazeti bichi. Pesa haiingii. Unatoa, unachukua. Na tuna sheria zetu mbili. Ya kwanza, mmea haunadiwi. Ukiusifia mwenyewe, wanasema hautashika. Ya pili, kilichowekwa mkekani hakirudi nyumbani. Kisipopata mtu, kinaliwa na mbuzi wa Mwalimu.

Kwa sababu ya sheria ya pili, Mzee Nikodemu hakuwahi kuuleta mpingo. Alileta mchaichai. Jumamosi ile ya mwisho kabla ya kuhama, tuliupakia kwenye bajaji, yeye ameikumbatia ndoo kwa mikono yote miwili. Kwa Mwalimu aliishusha mwenyewe, akaiweka katikati ya mkeka, akaenda kukaa kwenye ndoo tupu kando ya mkewe.

Watu wakauzunguka. Shina lilikuwa limepinda kama kiwiko, limevutwa kwa kipande cha kanga kilichofungwa kwenye mshikio wa ndoo.

"Huyu mgonjwa ameletwa na nani?" akauliza Gozbert. Ni karani, mtu wa Bukoba, ana kiwanja chake Goba na migomba anayoitaja kwa majina kama wajomba zake.

"Ni mpingo," nikasema.

"Mpingo? Unazaa nini?"

"Hauzai. Unachongwa."

"Baada ya muda gani?"

"Miaka sabini, au zaidi."

"Basi nitamwachia maagizo mjukuu wa mjukuu wangu," akasema Gozbert, na watu wakacheka. Wakainama wakachagua nyanya chungu, waridi, mapera. Mkeka ukawa mweupe, ndoo ikabaki peke yake. Mbuzi wa Mwalimu alikuwa amefungwa karibu na tangi, anatafuna kamba.

Nikashindwa kuvumilia. Nikasimama, nikaanza kusema juu ya mji usio na kivuli, juu ya kizazi kinachopanda tu kitakachokuwa tayari kwa Pasaka, juu ya nchi inayouza magogo na kununua meza za plastiki. Nilikuwa bado naendelea pale Mwalimu Vaileth aliponishika mkono.

"Mwanangu, mkutano wa hadhara una kibali chake. Hapa mmea haunadiwi. Unamharibia mzee."

Nikakaa. Mzee Nikodemu alikuwa anatazama miguu yake.

Gozbert ndiye aliyerudi kwenye ndoo. Akachuchumaa, akakigusa kile kipande cha kanga. "Mzee, niambie. Nani kaupinda?"

"Mimi."

"Kwa nini umtese?"

"Mchongaji akipewa gogo lililonyooka, anahangaika kutafuta pa kuanzia," akasema Mzee Nikodemu. "Lililopinda tayari lina bega, lina goti. Nikaona nimwanzishie."

"Nani?"

"Atakayeuchonga."

Gozbert akakiachia kile kipande cha kanga. Safari hii hakucheka.

"Mie Goba kwangu nina pembe inamomonyoka," akasema. "Kila masika udongo unateremka na mvua. Migomba haiushiki. Huu una mizizi?"

"Unayo."

"Basi nitauchukua. Ila nikuambie ukweli, mzee wangu, usije ukanilaumu. Jirani kajenga ukuta hapo hapo. Mti ukimwegemea, kesho yake tuko kwa mwenyekiti wa mtaa. Nitaunyoosha. Kukata, sitaukata, nakuahidi mbele ya Mwalimu. Lakini nitaunyoosha."

Kwenye mkutano wetu, ukishatoa umetoa. Mpokeaji haombi ruhusa. Gozbert alikuwa ameiomba. Mzee Nikodemu akamtazama mkewe. Mama Adelina hakumsaidia. Alikuwa anakunja upya gazeti ambalo halikuhitaji kukunjwa.

"Uchukue," akasema mzee. "Uchukue, baba."

Mwalimu akampa kikopo cha mrehani ili asiondoke mikono mitupu. Akakipokea bila kukitazama.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikwenda Goba mapema kumsaidia Gozbert kuchimba shimo, nikamkuta ameshalichimba na kulitia samadi. Mkewe, Apolonia, alikuwa anachonga ufito wa kuunyooshea mti. Tulikuwa tunautoa kwenye ndoo pale Mzee Nikodemu na Mama Adelina walipotokea getini, wamevaa nguo za kanisani.

"Shikamoo, mzee," akasema Gozbert, akasimama na udongo mikononi. "Karibu. Tulikuwa hatujaanza kuufunga."

"Marahaba. Ndiyo maana nimewahi. Ukiuvuta kwa nguvu utauvunja."

Akavua koti, akampa mkewe, akapiga magoti na suruali yake ya kanisani. Akakifungua kile kipande cha kanga. Shina likainuka kidogo, likasita hapo. Apolonia akauchomeka ufito pembeni. Mzee akaanza kulisogeza shina kuelekea kwenye ufito, taratibu, anasukuma, anaacha, anasukuma tena, mikono inatetemeka, na Gozbert akiwa amekiweka kiganja chake nyuma ya shina kulishikilia kila lilipofika. Mwiba ukamchoma mzee kidoleni; akaufyonza, akaendelea. Alipomaliza, mti ulikuwa umesimama wima.

"Haya," akasema Mama Adelina, "umenyooka kama karani."

Gozbert akacheka hadi akakaa chini. Mzee Nikodemu naye akatabasamu, bado amepiga magoti, anaushindilia udongo kwa viganja kuzunguka shina, na Apolonia akaja na maji.