Tui la Tatu

Kazi ya Bi Rahila huanza kwa kipigo. Kila asubuhi humlaza pweza juu ya jiwe, akamtwanga kwa mchi mapigo arubaini, hamsini, mpaka alainike na kutoa povu. Hatua kumi kutoka hapo, ndani ya ghala kuukuu la Malindi, Unguja, lililokuwa la magunia ya karafuu, vijana kumi na mmoja wanapiga mifuko ya mchanga, na mifuko ikiwachosha wanapigana wao kwa wao. Ukisimama nje huwezi kujua mshindo upi ni wa nyama gani.

Kambi hii ya ngumi ina sufuria moja tu. Ndani yake huingia mchele wa bei ya chini, choroko, bizari, chumvi, na vipande vya pweza waliokatika mikono, wale ambao mahoteli hayawataki. Vyote hupikwa pamoja, kisha Bi Rahila hufunika na kupalia makaa juu ya kifuniko, mseto ukaiva kwa moto wa chini na wa juu. Nimekula kwenye kambi za ngumi Maputo na Accra, na huko pia sufuria ilikuwa moja. Lakini sijapata kuona mpishi anayeogopwa kuliko kocha.

Ana sababu ya kuogopwa. Alitoka Makunduchi akiwa bi harusi wa miaka kumi na tisa, akaolewa na mchukuzi wa bandarini mwenye mkono mwepesi. Mume alimpiga mara ya kwanza, akalia. Alimpiga mara ya pili, akanyamaza. Mara ya tatu alikuwa anasonga ugali, akamrudishia kwa mwiko uliotoka motoni, shavuni. Hakupigwa tena. Marehemu alikwenda na alama ile kaburini.

Watoto hawakujaaliwa. Mdogo wake wa kike alipofariki, Bi Rahila alimchukua mtoto aliyeachwa, Matar, akamlea. Sasa Matar ana miaka ishirini na tatu, na ngumi, zilizokuwa marufuku Unguja tangu kabla mama yake hajazaliwa, zimeruhusiwa. Mwishoni mwa mwaka jana alipangiwa pambano na bondia wa Dar es Salaam, uzito wa kilo hamsini na saba. Akishinda, angechukuliwa na kambi kubwa huko bara. Alibakiwa na wiki sita na kilo tano za kupunguza.

Kocha wake, Ayoub, mtu mrefu aliyezaliwa Ng'ambo, hapohapo mjini, kwa wazee wa Tabora, alikwenda jikoni mwenyewe.

"Bi Rahila, kuanzia leo chukuchuku. Tui la nazi hata tone."

"Chukuchuku hupikiwa mgonjwa, Ayoub. Mwanangu anaumwa?"

"Mwanao anataka kupigana."

"Basi ndiyo apigane na tumbo tupu?"

"Tumbo litajaa. Nazi ndiyo sitaki."

Alikubali. Siku mbili alipika chukuchuku, na siku mbili alimwona Matar akila huku amefumba macho kama anayemeza dawa. Siku ya tatu alikuna nazi. Tui la kwanza na la pili alilipeleka kwa jirani. Machicha akayatia maji upya, akayakamua, na hilo la tatu, jepesi, linalokaribia kuwa maji, akalitia kwenye mseto. Kwake tui la tatu halikuwa tui. Lilikuwa maji yaliyopita kwenye nazi.

Ayoub hakuwa na njia ya kujua, maana chakula cha mchana alikuwa akila kwa mkewe. Alichokiona ni mizani. Ilipokataa kushuka, alisema Matar mvivu. Alimkimbiza mpaka Bububu na kurudi jua la saa saba. Alimpanga na mabondia watatu kwa zamu bila kumpumzisha, na siku moja Matar alirudi jikoni na jicho limefumba, damu imegandia puani.

Bi Rahila alipoona hivyo alipaswa kusema. Badala yake akamhurumia, na huruma yake ilijua njia moja tu. Kutoka tui la tatu akarudi la pili. Wiki ya mwisho, mbavu za Matar zilipoanza kuhesabika, akatia la kwanza, zito, linaloacha mafuta mdomoni.

Asubuhi ya pambano, Matar alipima hamsini na nane na nusu. Akapewa saa mbili za kupunguza kilo moja na nusu. Walimfunga mifuko ya nailoni chini ya nguo, wakamfungia ndani ya gari juani, vioo vyote juu. Alipoacha kutoka jasho walimtoa, wakampandisha na kumshusha ngazi za ghala, wakamwambia ateme mate kwenye chupa mpaka mate yakaisha. Alipita mizani akishikwa mabega, midomo myeupe kama chokaa.

Baada ya alasiri alipanda ulingoni. Bi Rahila hakuwa amewahi kutazama ngumi; siku hiyo alikwenda. Raundi ya kwanza Matar alisimama. Ya pili miguu ikaanza kuchelewa. Yule wa Dar aliliona hilo, akamsogeza kwenye kona, akampiga mbavu, tumbo, mbavu tena, polepole, kama mtu mwenye siku nzima. Raundi ya tatu mkono wa kushoto ulitua kwenye taya. Bi Rahila aliusikia mshindo ule toka alipokaa. Aliujua. Ndio wa mchi na pweza. Kabla mwanawe hajafika chini alikuwa ameshasukuma viti viwili na askari mmoja.

Taya lilivunjika pawili. Daktari alilifunga kwa waya, akasema halitapigwa tena maisha yake.

Wiki tatu baadaye Matar alikuja kambini kukaa tu. Bi Rahila alisubiri wote waketi kula, Ayoub akiwemo, akasimama na mwiko wake mkononi.

"Nlitia tui," alisema. "Wiki zote zile. Aliyemvunja ni mimi."

Ayoub aliinuka. "Mimi nikamkimbiza Bububu kwa sababu ya nazi yako?"

"Nlijua," alisema Matar, meno yamefungwa.

"Ulijua nini, mwanangu?"

"Tui. Tangu siku ya kwanza. Mimi mtoto wa Unguja, mama, ntalisahau tui?"

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeacha."

Mwiko ulimshukia begani, mara mbili, kwa nguvu zote. "Mpumbavu we! Unakula kifo chako unanyamaza!" Matar alicheka, akashika taya, machozi yakamtoka. Ayoub aliwageukia wengine.

"Na nyie mnaokula sufuria hiyohiyo?"

Vijana kumi na mmoja wakatazama sahani zao.

Tangu hapo Ayoub hula kambini, na huonja yeye kwanza. Bi Rahila huwapakulia wote chukuchuku. Kinachobaki chini ya sufuria hukitia tui la kwanza, akakiponda, akakichuja, akampelekea Matar kwenye kikombe. Matar hana mizani tena inayomngoja. Hunywa kwa mrija taratibu, anawatazama wenzake wakipigana, na ngumi zake mbili zimekunjwa juu ya mapaja.