Waya Juu ya Mto Nyarovei

Tangu aanze kuwapikia wapimaji ramani, Hadne hakuwahi kuruka waya wao wa kupimia. Ulipotandazwa kwenye theluji aliuzunguka hadi kigingi cha mwisho, akarudi upande wa pili na birika linalopoa. Kwa Wanenetsi, watu wake wafugao kulungu wa kaskazini, mwanamke haruki kamba ya kunasia kulungu, na yeye hakuona tofauti ya kamba ile na waya huu.

"Hata umpe gunia la sukari, huyo haruki," shemeji yake Seroko alimwambia Arkadi, mkuu wa wapimaji, akicheka. "Mzoee tu."

"Nimeshamzoea. Naihurumia miguu yake."

Asubuhi ile waya ulivutwa juu ya barafu ya mto, ukingo hadi ukingo. Ulikuwa upimaji wa mwisho wa kona ile kabla barafu haijapasuka na mto kufunguka. Hadne alikuwa upande wa juu wa waya, akichota maji kwenye tundu lililotobolewa katika barafu. Kulungu wake walisubiri upande wa chini, wamefungwa kwenye sleji ya kuteleza thelujini, na ndani ya sleji bintiye Pudane alikuwa amelala.

Barafu ikaunguruma. Sauti ilitoka tumboni mwa mto, ikampanda Hadne miguuni hadi kwenye meno. Ufa mweusi ukaanza kutambaa kuelekea kwenye sleji.

Alikimbia, akafika kwenye waya, akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Ruka, mama! Ruka!" Arkadi alipiga kelele.

"Siruki! Inua!"

"Nikiinua, kazi yote ya hapa imepotea!"

"Mwanangu yuko kule, wewe!"

Arkadi aling'oa kigingi, akaunyanyua waya juu ya kichwa chake. Hadne akainama, akapita chini. Akajitupa kwenye sleji, akawakemea kulungu, wakapanda ukingo wote pamoja, Arkadi akihema nyuma yao.

Ndipo mto ulipofunguka. Mapande ya barafu makubwa kama mahema yalisimama wima, yakapandana, yakaenda na waya. Arkadi alivua kofia. Pudane aliamka, akatazama naye, wala hakulia.

Miaka ilipita. Siku moja Arkadi alirudi na ramani, akaitandaza katikati ya hema. Hadne aliuona mto wake mzima kwa mara ya kwanza, kama wanavyouona bata bukini wakiwa angani.

"Mbona hapa mstari wa ukingo umekatika-katika?"

"Hapo hatukupima, mama. Ndipo ulipopita chini ya waya."

Hadne aliugusa mstari ule kwa kidole. Kisha akainuka kumletea mgeni chai. Ramani ilikuwa imeziba njia. Akaizunguka yote, taratibu, na chai ikapoa.