Kikwembe cha Mama Ngalula

Juzi sokoni nilimwona mwanamke akikaza kikwembe chake kiunoni kwa mafundo mawili, nikamkumbuka Mama Ngalula, aliyeuzaga mikate kando ya barabara ya Kakontwe.

Mchana mmoja, nikiwa mtoto, basi la shule yetu lilipinduka mtaroni tukiwa ndani, mbele ya meza yake. Mlango ulikwama. Vumbi la chokaa lilitujaa mdomoni, na harufu ya esansi iliyovuja kwenye tangi ilizidi kupanda. Wanaume walisimama mbali wakipiga kelele, "Itawaka!" Mama Ngalula alifungua kikwembe chake mbele ya watu wote, akakizungusha mkononi, akavunja kioo.

"Kuya, mutoto! Leta mukono!"

Alituvuta mmoja mmoja, wote saba. Mimi nilipotoka nilimwona amesimama barabarani na jipo tu, ile sketi yake ya ndani, imepasuka, nikacheka. Sikuwa nimewahi kuona mama wa mtu bila kikwembe.

Mama yangu alifika mbio, akanikuta bado nacheka. Alivua kikwembe chake cha juu, akamfunga nacho Mama Ngalula kiunoni polepole, kama anavyofungwa bibi harusi. Kisha akageuka, akanipiga kofi.

Miaka mingi niliamini kofi lile lilikuwa la kiatu nilichoacha ndani ya basi.